Herufi D ya KDL: Maneno Yaliyopanda Reli ya Lualaba

Baada ya miji ya Kongo kubadilishiwa majina mwaka 1966, kampuni ya reli ya kusini ilijulikana kwa herufi tatu: KDL. K ni Kinshasa, makao makuu ya nchi. L ni Lubumbashi, mji mkuu wa shaba. D ni Dilolo. Asiyeijua Katanga angedhani Dilolo nayo ni jiji kubwa. La hasha. Ni mji mdogo wa mpakani, magharibi kabisa ya mkoa ambao leo unaitwa Lualaba, katika nchi ya Walunda na Wachokwe. Ulipewa nafasi kati ya vigogo hao wawili kwa sababu moja tu: pale ndipo reli ya shaba ilipotoka Kongo, ikaungana na reli ya Benguela, ikateremka mpaka bandari ya Lobito kwenye Atlantiki.

Reli hiyo ilibeba shaba na manganizi. Ilibeba pia maneno. Mtu wa Tanga au Unguja akishuka Kolwezi leo atasikia Kiswahili ambacho nusu yake anakielewa na nusu inampita. Ugali ni bukari. Baiskeli ni kinga. Unga ni bunga, udongo ni bulongo, maji ni mayi, na watu ni bantu. Mtoto mdogo ni katoto. Wakiwa wengi ni tutoto. Chumba cha mtumishi nyuma ya nyumba ya tajiri ni boyerie. Msimamizi wa kibarua ni kapita. Wageni hucheka na kusema hiki ni Kiswahili kilichoharibika, na wenyeji wenyewe wana jina la kile kingine, cha vitabuni: Kiswahili bora. Lakini maneno hayo magumu kila moja lina njia liliyopitia, na mengi yana bosi aliyeyaleta.

Kapita ametoka mbali. Kabla ya mkoloni wa Kibelgiji kujua shaba iko wapi, nchi ya Walunda ilikuwa imekwisha kupitiwa na wafanyabiashara wa Angola. Mwaka 1802 wanaume wawili, Pedro João Baptista na Amaro José, wote watumwa wa mfanyabiashara mmoja wa Angola, walianza safari kutoka Kasanje kwenda mashariki. Walipita kwa Mwant Yav, mfalme wa Walunda, wakapita kwa Kazembe, na mwaka 1811 wakafika Tete, ng'ambo ya pili ya bara. Kwa Kireno watu wa kazi kama yao waliitwa pombeiro. Misafara ya aina hiyo ilitembea na cheo cha Kireno, capitão, mkuu wa kundi la wapagazi, na cheo hicho kikasambaa Afrika ya kati yote. Wabelgiji walipokuja walikikuta na kukitia kazini. Kapita wa karne ya 19 aliongoza wapagazi; kapita wa karne ya 20 alisimama kati ya mzungu na kibarua, akipokea amri kwa lugha moja na kuzitoa kwa nyingine.

Kiswahili kilikuja kwa mlango wa pili, wa mashariki. Msiri, aliyejenga dola yake Bunkeya katika nusu ya pili ya karne ya 19, alikuwa mtu wa Usumbwa, upande wa Unyamwezi, na njia yake ya kwanza ya biashara ilielekea Tabora na pwani ya Bahari ya Hindi. Ila Msiri hakuwa mtu wa kuweka mayai yote kwenye kapu moja. Alifungua pia njia ya magharibi, ya misafara ya Waovimbundu kutoka Bihé, na miongoni mwa wake zake alikuwamo Maria de Fonseca, mwanamke wa ukoo wa wafanyabiashara wa Kireno na Kiafrika. Mmisionari Frederick Stanley Arnot alipofika Bunkeya mwaka 1886 alitokea huko huko magharibi. Bunkeya ilikuwa mahali ambapo Kiswahili na Kireno vilipimana bei ya pembe na chumvi. Msiri aliuawa Desemba 1891 na watu wa msafara wa Stairs, uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold, na biashara ya njia zote mbili ikavurugika.

Kisha kikaja Kiingereza, na hapa ndipo kisa kinapokolea.

Watu wengi hudhani Katanga ilikuwa ya Kifaransa tangu siku ya kwanza. Miaka ya mwanzo haikuwa hivyo hata kidogo. Aliyesukuma utafiti wa shaba alikuwa Robert Williams, Mskoti wa Aberdeen, aliyeunda kampuni ya Tanganyika Concessions mwaka 1899. Aliyeongoza watafiti wake alikuwa George Grey, ndugu wa Edward Grey ambaye baadaye alikuwa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza. Kampuni ya migodi ya Union Minière ilipoundwa mwaka 1906, Waingereza walikuwa ndani. Reli ya kwanza kufika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, haikutoka Matadi wala Léopoldville, yaani Kinshasa. Ilitoka kusini, Rhodesia na Afrika Kusini. Mashine, makaa ya mawe, mafundi na sehemu kubwa ya vibarua walipanda kwa njia hiyo, na wapo waliotoka Nyasaland. Mgodi wa kwanza kuchimbwa na kampuni karibu na mji, ambao wenyeji waliuita Kalukuluku, uliandikwa kwenye karatasi kwa Kiingereza, Star of the Congo, kabla ya kuzoeleka kwa Kifaransa kama Étoile. Juni 1911, shaba ya kwanza ilipomiminwa kwenye tanuri la Lubumbashi, amri nyingi kiwandani hazikutolewa kwa lugha ya serikali.

Zilitolewa kwa Kiingereza, au kwa Fanagalo, ile lugha ya amri iliyozaliwa Afrika Kusini kwa kuchanganya Kizulu, Kiingereza na Kiafrikaans, na iliyosafiri na reli kutoka mgodi hadi mgodi. Upande wa Rhodesia ya Kaskazini ilipewa jina la Chikabanga. Haikuwa na maneno mengi, wala haikuhitaji. Ilitosha kumwambia mtu inua, weka, haraka, nyamaza.

Serikali ya Ubelgiji ilianza kuingiwa na hofu. Mkoa tajiri kuliko yote wa koloni lao ulikuwa na sarafu ya Kiingereza sokoni, mafundi wa Kiingereza kiwandani, na vibarua waliozoea kuamrishwa na Waingereza. Vita ya Kwanza ya Dunia iliongeza wasiwasi huo. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na mamlaka ya kikoloni, ameonyesha kwamba Kiswahili hakikushinda Katanga kwa sababu kilikuwa tayari lugha ya watu wa hapo. Kwa Wabemba wa kusini, Waluba wa kaskazini na Walunda wa magharibi kilikuwa lugha ya wageni. Kilichaguliwa. Kampuni iligeuza macho kutoka Rhodesia na kuanza kuajiri watu wa Maniema, Lomami, Kasai na, katika miaka ya 1920, Rwanda na Burundi. Kiswahili kikawekwa kuwa lugha ya kazi. Sehemu ya faida yake ilikuwa ya wazi: Mwingereza wa Rhodesia asingekuwa na neno la kumwambia kibarua wa Wabelgiji.

Mpango ulifaulu kwa kiasi. Fanagalo ilikufa Katanga, wakati ng'ambo ya mpaka iliendelea kwa miongo. Lakini maneno hayaombi viza. Blanketi alilogawiwa mfanyakazi lilibaki bulangeti, kama wanavyosema Wabemba wa pande zote mbili za mpaka. Buku lilibaki buku. Na mtumishi wa nyumbani, hata kwa Mbelgiji asiyejua sentensi moja ya Kiingereza, alibaki boyi. Tena Wabelgiji walilichukua neno hilo na kulitia viungo vya Kifaransa: nyumba ya boyi ikawa boyerie, na mtumishi wa kike akawa boyesse. Mzizi wa Kiingereza, mkia wa Kifaransa, na anayelitamka ni Mluba au Mchokwe katikati ya sentensi ya Kiswahili. Watu wa Kivu Kusini wamefanya kinyume chake: kule Kamituga, wanawake wanaoponda mawe ya dhahabu huitwa mamans twangaises, yaani kutwanga kwetu kumevalishwa koti la Kifaransa.

Kamusi za wakati huo hazikusaidia sana kuyahifadhi haya. Vitabu vidogo vya maneno vilivyochapishwa kwa ajili ya maofisa na mafundi wapya viliandikwa ili bwana aweze kuamuru, si ili aweze kuelewa anachojibiwa. Fabian amevichambua kimoja kimoja na kukuta vitenzi vya kuagiza vimejaa kuliko vya kuuliza. Wamisionari walikuwa na subira zaidi. John Whitehead, Mbaptisti aliyefanya kazi Wayika kwenye mto Lualaba, alitoa pamoja na L. F. Whitehead mwongozo wa Kingwana mwaka 1928, kitabu kilichojaribu kukichukua Kiswahili cha Kongo kama lugha yenye sarufi yake. Mwaka 1930 ilipoundwa Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ili kusanifisha lugha kwa kufuata Kiunguja, makoloni ya Uingereza yalikuwa ndani, Kongo ilikuwa nje. Tangu hapo Kiswahili cha pande hizo mbili kimeteremka kama mito miwili, kila mmoja kwenye bonde lake.

Na reli ya magharibi je? Robert Williams, ambaye Wabelgiji walikuwa wakimpunguzia nguvu Elisabethville, alikuwa na karata nyingine mkononi. Tangu mwaka 1902 alikuwa na kibali cha Ureno kujenga reli kutoka Lobito kuvuka Angola. Ujenzi ulianza 1903 na kwenda kwa kusuasua, fedha zikikatika na vita ikiingilia, mpaka mwaka 1929 kilomita 1,344 za upande wa Angola zilipozinduliwa. Upande wa Kongo, kampuni ya reli ya BCK iliunganisha Tenke, Kolwezi, Mutshatsha, Kasaji na Dilolo mwaka 1931. Mji wa Kolwezi wenyewe, kama mji wa kampuni, ulianzishwa baadaye, 1937.

Kwa Dilolo ilikuwa mara ya kwanza Kiswahili kufika kwa wingi, na kilifika kutoka mashariki kikiwa ndani ya behewa, midomoni mwa makarani, mafundi wa reli na wapima mizigo. Kiliwakuta Walunda, Wachokwe na Waluvale wakiwa na lugha zao, na mara nyingine maneno yaligongana. Mfano mzuri ni mukanda. Pwani, mkanda ni wa kiunoni. Katika Kiswahili cha Katanga mukanda ni barua au karatasi, kama ilivyo kwa Waluba. Kwa Wachokwe na jamaa zao, mukanda ni jando: kambi ya porini ambako wavulana hutahiriwa na kufundwa, na ambako vinyago vya makishi hutoka kuja kijijini. Mwaka 2005 UNESCO iliyatambua makishi ya Waluvale na jamaa zao wa Zambia kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Karani aliyemwambia baba wa Kichokwe kwamba mwanawe ameletewa mukanda alikuwa anacheza na moto bila kujua.

Kitabu cha maneno kilichoandikwa na wafanyakazi wenyewe kilikuja mwaka 1965, na kina jina la kupotosha. Kinaitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville; mtu akikifungua akitafuta orodha ya maneno hataipata. Kiliandikwa na André Yav kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, kikachapwa kwa mashine na kuzungushwa mkono kwa mkono. Jina ni la Kifaransa, ndani ni Kiswahili cha Katanga kitupu, kimeandikwa jinsi kinavyosikika, bila kuomba ruhusa kwa kamati yoyote. Ni historia ya mji kama ilivyoonekana kutoka jikoni na kwenye boyerie: kutoka Msiri mpaka uhuru, nani alikuja, nani alimtumikia, nani alilipwa nini. Fabian alikitoa upya mwaka 1990 pamoja na tafsiri, akisaidiwa na Kalundi Mango, na Walter Schicho akaongeza maelezo ya lugha. Kwa nini Yav alikiita msamiati? Jibu liko kwenye kazi yenyewe. Kwa mtu aliyeishi miaka mingi akiitwa boyi, kueleza maneno ya mji na kueleza yaliyompata vilikuwa kazi moja.

Kolwezi ina kisa chake, na ni kinyume cha kile cha lugha ya amri.

Mwaka 1953 padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Placide Tempels, alipangiwa kazi huko kati ya wachimbaji wa Union Minière. Alikuwa tayari na jina, kwa sababu ya kitabu chake cha falsafa ya Kibantu kilichochapwa Elisabethville mwaka 1945, kilichosifiwa na wengi na kushambuliwa na askofu wa Elisabethville. Kolwezi hakuendelea na falsafa ya maandishi. Alikaa na wafanyakazi na wake zao, wakazungumza, na katika mazungumzo hayo likazaliwa vuguvugu la kidini lililoitwa Jamaa. Waumini walikuwa mume na mke pamoja, waliitana baba na mama, na walipanda daraja kwa daraja, kila daraja likiitwa njia. Mafundisho yao yalisimama juu ya maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo.

Mswahili wa pwani ataona hayo ni maneno mepesi. Uzima ni afya. Uzazi ni kuzaa. Mapendo ni mapenzi. Ndani ya Jamaa yalibeba mzigo mzito kuliko huo. Uzazi haukuishia kwenye tumbo la mama: padri aliweza kumzaa mume na mke kiroho, na wao wakamzaa padri. Mawazo hayakuwa fikra tu za kichwani bali jambo lenye nguvu, lililokuwapo kabla ya mtu. Lugha ambayo kampuni iliitaka kwa ajili ya inua na weka ilikuwa sasa inatumika usiku, kambini, kujadili mtu ni nini. Fabian alikuja Kolwezi katika miaka ya 1960 kuifanyia Jamaa utafiti, na kitabu chake kilitoka 1971. Amekiri kwamba alikuja na Kiswahili cha kujifunza vitabuni na ikambidi ajifunze upya.

Wataalamu wa lugha walikuwa wameanza kukiangalia Kiswahili hiki kwa macho mapya. Edgar Polomé, aliyefundisha katika chuo kikuu cha Elisabethville, alikichunguza kama lugha yenye kanuni zake. Vincent de Rooij, katika utafiti uliotoka 1996, alionyesha jambo ambalo sikio la mgeni husikia bila kulitambua: wasemaji wa Lubumbashi huazima kutoka Kifaransa si majina ya vitu pekee bali viungo vya hoja, mais, donc, puisque, parce que. Nyama ya sentensi ni Kiswahili. Bawaba zake ni Kifaransa. Kwa wapenda vichekesho, kikundi cha Mufwankolo kilikuwa kimekwisha kulijua hilo zamani na kulifanyia mchezo jukwaani na redioni.

Mwaka 1975 vita ya Angola iliikata reli ya Benguela. Manganizi ya Kisenge, mgodi ulio katika eneo la Dilolo lenyewe, ilikosa njia ya kutokea. Machi 1977 wapiganaji waasi wa FNLC waliingia wakitokea Angola. Mei 1978 walirudi na kufika Kolwezi, na mapigano yake yakajulikana dunia nzima. Herufi D ilikuwa imeshaondoka kwenye jina la kampuni, iliyokuwa imegeuzwa kuwa shirika la reli la taifa, SNCZ, mwaka 1974. Treni za kuvuka mpaka zilipungua mpaka zikawa hadithi ya wazee. Upande wa Angola reli ilijengwa upya na kampuni ya Kichina na kuzinduliwa Luau, ng'ambo ya Dilolo, mwaka 2015. Mwaka 2023 kundi la Trafigura, Mota-Engil na Vecturis lilikabidhiwa kuiendesha kwa miaka 30, na Kiingereza cha mikataba kikarudi kwa njia ile ile aliyoichora Robert Williams.

Wakati reli imelala, Kolwezi ilipata msamiati mwingine. Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilianguka, na kuporomoka kwa mgodi wa Kamoto mwaka 1990 kulikuwa sehemu ya anguko hilo. Waliopoteza mshahara walishika sururu. Leo mchimbaji mdogo ni creuseur, anayenunua shimoni ni négociant, kibanda cha kununulia barabarani ni dépôt, na kiasi cha madini ndani ya jiwe ni teneur. Katika mtaa wa Kasulo, mwaka 2014, kobalti iligunduliwa chini ya nyumba za watu, na sakafu zikageuzwa milango ya mashimo. Kobalti yenyewe si neno la Kiingereza wala la Kifaransa kwa asili: wachimbaji wa Ujerumani wa zamani waliliita jiwe hilo kwa jina la kobold, jini la migodini, kwa kuwa liliwasumbua kwenye tanuri na halikutoa fedha waliyoitarajia.

Hata mashimo makubwa yamebeba lugha zote. Lile la wazi linaloitwa KOV, karibu na Kolwezi, ni Kamoto, Oliveira na Virgule: jina la wenyeji, jina la Kireno, na alama ya mkato ya Kifaransa. Ripoti zake katika soko la hisa la Toronto ziliandikwa kwa Kiingereza na Katanga Mining.

Lakini neno linalogombaniwa kuliko yote barabarani, kwenye vibanda vya wanunuzi wa madini huko Musompo, limetoka Ufini. Kwenye meza ya mnunuzi kuna kifaa cha mkononi kinachoelekezwa kwenye gunia na kutoa tarakimu. Wachimbaji hukiita Metorex, kwa jina la kampuni moja ya Ufini iliyotengeneza mashine kama hizo, hata kama kilichopo mezani kimetengenezwa na kampuni nyingine. Metorex ikisema mbili, bei ni ya mbili. Mchimbaji akisema mashine imechezewa, ubishi huanza kwa Kiswahili, huunganishwa na mais na puisque, na hesabu humaliziwa kwa Kifaransa. Kamusi kubwa ya Alphonse Lenselaer ya Kiswahili na Kifaransa ilitoka 1983, kabla ya vibanda hivyo kuwapo, na tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, wafanyabiashara wa Kolwezi na madereva wa malori kutoka Dar es Salaam wanajifunza kila mmoja maneno ya mwenzake bila kitabu, wakianza na ya bei.